Kumbe na nyinyi huwaishia?

Maneno manne tu, na leo siku ya nne yananizunguka kichwani kama mbu wa masika. Wiki hii meneja mkuu wa hoteli yetu kaaga, wakaguzi wa hesabu wameingia, binti wa mwisho wa Mama Mdogo wa Chake kaposwa, na njia ya kwetu Fuoni imekatika kwa maji mara mbili. Yote yamepita. Hili halipiti.

Ilikuwa tarehe 19. Mchana dada wa nyumbani alinipigia: gesi imekata, wali uko jikoni nusu mbichi, na mkwe wangu (bado yupo, msiniulize) ameshauliza mara mbili kama leo kuna chakula. Benki nilikuwa na shilingi 7,400. Mkobani elfu tatu. Mkopo wa kwenye simu nilishauchukua tarehe 11, na hata kuulipa bado. Baba Watoto yuko Dar, na asubuhi ile ile alikuwa kanipigia yeye kuniuliza kama nina chochote.

Basi jioni nikashuka mpaka getini, pale kwenye ukuta mfupi wanapokaa wafanyakazi kungojea gari. Bi Kijumbe alikuwa kavua viatu, kajitanda kanga juu ya sare ya usafi. Wasomaji wa zamani mnamjua, ndiye anayekusanya mchezo wa watu wa vyumba na dobi, ule wa kuchanga pesa na kupokezana kwa zamu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, bosi."

"Bi, nisitiri elfu sitini mpaka mshahara."

Hakuniuliza za nini. Alivuta ncha ya kanga iliyokuwa kwapani, akalifungua fundo kwa meno, na ndani mkatoka kijifuko cha nailoni kilichokunjwa mara nne, noti na kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa kwa penseli. Akalamba kidole gumba. Akahesabu kumikumi, sita. Akanitia mkononi, akanifumba vidole vyangu mwenyewe kama unavyomfumba mtoto unayemtuma dukani. Halafu ndio akaninyanyulia macho.

"Kumbe na nyinyi huwaishia?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kile kicheko cha kwenye picha za ofisi. Nikasema, "We Bi acha tu, mwezi huu mrefu sana." Tarehe 19! Mwezi gani huo ulioshakuwa mrefu tarehe 19? Na kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni, nikawa nasoma jina la kanga yake: Usisafirie nyota ya mwenzio. Sasa hapo ndipo na mimi nilipojitafutia maradhi, maana usiku nilikaa naifikiria kanga kama vile mtu kaamka alfajiri akaichagua kwa ajili yangu.

Nimeyapima yale maneno kwa kila sauti. Kuna sauti ya mshangao tu, mtu kaona jambo asilolijua. Kuna sauti ya kejeli, pamoja na kile kimvuto cha mdomo. Na kuna sauti ya huruma, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Hilo "nyinyi" ndilo lililonichoma. Nyinyi nani? Sisi wa ghorofa ya juu? Wenye kiyoyozi? Mimi ndiye ninayetayarisha karatasi za mishahara ya hoteli nzima, wake naujua mpaka senti, na yeye anajua kwamba naujua. Haufiki hata robo ya wangu. Jibu zuri limenijia saa nane za usiku, kama kawaida ya majibu mazuri, na silisemi hapa maana na lenyewe asubuhi lilikuwa limeshachacha.

Kwa hiyo nikafanya ninachojua kufanya. Nikachukua daftari la mtoto, ukurasa wa nyuma, nikajikagua.

Kwenye karatasi mimi ni mtu wa milioni mbili na laki nane na nusu. Mama zangu wadogo wanaijua namba hiyo, sijui nani aliwaambia. Wasichokijua ni kwamba ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 7 yangu (mwajiri naye hutia zake, lakini hizo nitaziona uzeeni inshallah), halafu inakuja kodi ya mshahara, ambayo ngazi yake ya juu ni asilimia 30. Kinachonifikia ni milioni mbili na kitu kidogo. Benki inakata 610,000 kabla sijapata ujumbe wa simu. Skuli za watoto wawili 320,000. Bi Mkubwa Wete 150,000. Mdogo wangu wa chuo laki moja, dada wa nyumbani 120,000, petroli 350,000. Kinachobaki ni kama laki tatu na sabini na kitu, ya kuwalisha watu sita mwezi mzima, na umeme, na maji ya kununua bomba likikauka. Cha Baba Watoto nacho kina pa kwenda, kodi ya nyumba na mambo mengine. Akitaka kulalamika na yeye afungue shajara yake.

Nilipoitazama ile safu nikaona vitu viwili vilivyonitia haya kuliko maneno ya Bi Kijumbe.

Cha kwanza ni mwezi nilioandikia mkopo. Agosti. Nyote mliofanya kazi hotelini mnajua Agosti ikoje: vyumba vimejaa, sevisi chaji, fungu letu kwenye bili za wageni, imefika laki sita juu ya mshahara, unajiona umepanda daraja. Mei hii sevisi chaji ni elfu tisini. Benki haijui masika. Mimi, mhasibu, ninayewaandikia mabosi kila mwaka ripoti kwamba Aprili na Mei wageni hakuna, nimekwenda kujifunga miaka mitano kwa hesabu ya Agosti.

Cha pili ni gari. Nilipopandishwa cheo mwaka 2021 nilikuwa bado napanda gari la wafanyakazi, la bure, linaanzia Kwerekwe. Mwezi wa tatu nikanunua kigari. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu mmoja tu alisema, "Bosi na wewe unabanana na sie?" Kwa utani, na mimi nikaubeba kama amri. Sasa kila asubuhi pale Jozani gari la wafanyakazi linanipita, viti vitupu, dereva ananipigia honi.

Sijataja sare. Harusi ya Chake ile ya mwaka jana: gauni la siku ya hina, gauni la siku ya kupamba, kanga doti mbili, nauli ya boti watu wanne. Na kutunza. Mama Mdogo alinisogelea sikioni taarabu ilipokolea, akanambia, "Wewe ndiye mkubwa wetu wa kazi, usitutie aibu." Nikanyanyuka na noti za elfu kumikumi, nikazipunga juu kabisa zionekane, nikaenda kwa mwendo wa madaha mpaka jukwaani. Nilitunza gesi ya miezi miwili kwa nyimbo mbili. Raha niliyoipata siwezi kuikana. Na huyu wa safari hii keshaposwa.

Mdogo wangu anayesoma uchumi SUZA nilipomwambia (nilimwambia nusu) alifurahi, maana wanafunzi hufurahi dunia ikifanana na daftari lao. Akaniambia kuna wachumi, Greg Kaplan na Giovanni Violante na mwenzao Justin Weidner, walioandika mwaka 2014 kwamba kama theluthi moja ya kaya za Marekani humaliza chote wanacholipwa kabla ya malipo mengine, na kati ya hizo kiasi cha theluthi mbili si masikini hata kidogo. Wana nyumba, wana akiba ya uzeeni. Mali ipo, imefungwa pahala ambapo haishikiki. "Ndio wewe na Tunguu," akasema.

Tunguu. Nyumba yetu imefika linta na hapo ikasimama. Mkopo wote upo pale, umesimama kwenye mvua. Jumapili tulipita, matofali yaliyobaki yameota ukoga wa kijani, na kuku wa jirani katagia ndani ya chumba kitakachokuwa cha watoto. Namba ikiandikwa, mimi ni mtu mwenye mali. Lakini hukati tofali moja ukaenda nalo dukani ukapewa mtungi.

Bi Mkubwa alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, jambo analolifanya nadra, kisha akasema hilo si jipya kwetu. Babu yake alikuwa na mikarafuu mtu huwezi kuihesabu kwa asubuhi moja, na kanzu ya Skukuu alikuwa akiikopa dukani, italipwa vuli. Vuli ikifika karafuu zishauzwa zikiwa bado juu ya mti. Kweli nimewahi kusoma kwamba hali hiyo ilikuwa kubwa mpaka mwaka 1934 serikali ya Waingereza ikatoa sheria ya kuzuia mashamba yasiende kwa wakopeshaji. Wenye mikarafuu ndio waliokuwa wakionekana matajiri. Bi Mkubwa akamaliza kwa ule wimbo wake, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, akaniuliza kama ya mwezi ujao ninaweza kuituma mapema kidogo.

Sasa sikilizeni ya Alhamisi.

Nipo ofisini, kajitokeza mlangoni yule msichana wa dobi, mwembamba, anayesema kwa kunong'ona. Anaomba advansi. Nikamwambia mwezi huu hapana, wakaguzi wapo. Akabaki kasimama. Akasema basi hapana neno, ni kwamba leo ilikuwa zamu yake ya mchezo na ameshaahidi ada ya mtoto, ila Bi Kijumbe kamwambia asubiri, kuna mtu kachelewa.

"Imepungua kiasi gani?" nikamuuliza, na moyo wangu ulishajua.

"Elfu sitini."

Siku tatu nzima nilikuwa nimeshamtungia Bi Kijumbe hadithi. Mshahara mdogo lakini mtu wa akiba, ana fundo lake la kanga, na mimi mwenye digrii sina. Nilikuwa nishaanza hata kumhusudu. Kumbe lile fundo halikuwa lake. Ilikuwa pesa ya watu kumi na mbili, na ile karatasi ya penseli ni majina yao, na alinipa hivyo hivyo, akachukua lawama.

Nilimpigia nani? Yule yule wa SUZA. Laki moja niliyomtumia tarehe mosi alikuwa bado nayo sabini! Mwanafunzi, anakula boflo na maharage, ana sabini tarehe 21. Akanicheka mpaka akakohoa. "Nakutumia," akasema, "lakini ya kutolea utaongeza mwenyewe." Nikaongeza.

Nilimkuta Bi Kijumbe pale pale ukutani. Akapokea, akatoa karatasi, akatia alama kwa kipande cha penseli kisichozidi kidole.

"Bi, mbona hukunambia kama ya mchezo?"

"Ungeichukua?"

"Nisingeichukua."

"Haya. Na wali mngekula mbichi."

Nikacheka tena, safari hii mpaka nikashika ukuta. Pesa ilikuwa yangu, nikampa mdogo wangu, ikarudi kwangu kwa deni, nikampa Bi Kijumbe, akampa mtu wa dobi, na yeye anaipeleka skuli. Na mimi mwisho wa mwezi nitairudisha kwa mdogo wangu, na tarehe mosi nimpe nyengine. Nilitaka nimuulize: siku ile ulisema vile kwa maana gani? Mdomo ukakataa, gari likapiga honi, akavaa viatu. Nilipanda nao. Kigari changu kimelala hotelini, petroli yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Tulibanana.

Usiku huu nimeyarudia tena yale maneno, na yamekuja na mkazo ambao sikuujaribu. Haukuwa kwenye "nyinyi". Ulikuwa kwenye "na". Sina hakika. Kesho huenda nikayasikia vyengine.

Lakini kinachonikesha sasa hivi ni meno ya mdogo. La chini la mbele linacheza wiki mbili, hataki kuguswa, na jipya limeshachomoza nyuma yake, limekaa upande. Nimemmulika kwa tochi ya simu akiwa kalala mdomo wazi. Mkwe wangu anasema huanguka lenyewe. Nimemulika tena. Limekaa upande kweli.