Injini ya Wankel kwa mbao na mnyororo wa baiskeli

Wanafunzi wangu wa ufundi wa magari hapa Busia, upande wa Uganda, injini ya pistoni wanaifungua huku wanapiga soga. Tukifika kwenye injini ya Wankel, ile ya pembetatu (ndiyo rota) inayozunguka ndani ya hausingi, yaani kasha lake, wananikodolea macho tu. Siwalaumu. Mazda waliiweka kwenye RX-7 na RX-8, na 787B, gari lao la mashindano lenye rota nne, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1991, lakini gereji za huku zinaishi kwa Toyota. Nikaamua kutengeneza ya mbao, ya kuzungusha kwa mkono, yenye mfuniko wa plastiki angavu ili kila kitu kionekane.

Washauri walikuwa wengi kuliko mbao. Aliyenichosha zaidi ni seremala mmoja mwenye jina mjini. Aliitupia picha ya hausingi jicho moja, akasema, "Mwalimu, hili ni yai. Nipe urefu na upana, kesho uje uchukue." Nikampa vipimo vya 13B, injini ya Wankel ya Mazda, milimita 240 kwa 180. Kusema kweli alikata yai zuri, laini kama kikombe. Nikaingiza pembetatu, nikazungusha, ikaenda kidogo, kisha kwaa! Ncha imekwama begani, pale ukuta unapokunja kona. Nikarudisha nyuma, ikakwama bega la pili. Mzee wala hakushtuka: "Ipige randa hiyo pembetatu yako, imezidi." Ukiipiga randa ipite mabegani, ncha zitaachana na ukuta kwingine kote, na injini ambayo ncha zake hazigusi ukuta haibani hewa. Nilipopiga hesabu, yai lake lilikuwa limeingia ndani kama milimita 8 pale mabegani. Tena umbo halisi lina kiuno kidogo sana katikati, hicho jicho la seremala halikioni kabisa. Yai lenyewe sasa ni sinia, mke wangu anapangia chapati.

Jambo ambalo hakuna aliyetaka kunisikiliza ni hili: ukuta wa Wankel hauchorwi kwa kukisia, unachorwa na mwendo wenyewe. Ndani ya rota kuna gia yenye meno yanayotazama katikati, nayo inabingirika juu ya gia ndogo iliyofungwa isizunguke. Uwiano ni 3 kwa 2. Kwenye 13B ni meno 51 kwa 34. Shafti, yaani mhimili unaobeba rota, ikizunguka mara tatu, rota imezunguka mara moja, na njia zinamopita ncha ndiyo ukuta. Ukipata gia, umepata umbo.

Sasa gia ya meno ya ndani utaitoa wapi? Katwe, mtaa wa mafundi chuma kule Kampala, nilitajiwa bei ya mtu anayejenga kiwanda. Soko la Kisekka, la spea za magari, walinicheka kwanza, ndipo wakaniuliza namba ya spea. Jibu nilikuwa nikilipita kila asubuhi kwa fundi baiskeli wa njia panda. Gia ya nyuma ya baiskeli yenye meno 16 ipo kila mahali. Nikachukua mnyororo wa pingili 24, nikaufunga duara, nikaubana ndani ya tundu la plaiwudi. 24 kwa 16 ni 3 kwa 2! Mnyororo ukawa gia ya meno ya ndani, bila mashine ya kukata chuma. Gia ya nyuma lazima ichomelewe isizunguke yenyewe, na ncha za meno upitishe tupa kidogo, la sivyo zinang'ang'ania pingili. Tofauti ya nusu vipenyo ikatoka milimita 16, ambayo ndiyo umbali wa kitovu cha rota kutoka katikati ya shafti. Mazda ni 15. Kwa milimita moja sigombani na mtu.

Kuchora kulikuwa raha tupu. Gia nikaifunga kwa bolti kwenye ubao, pete ya mnyororo nikaivika juu yake, na juu ya pete nikafunga pembetatu yenye penseli tatu, kila moja milimita 112 kutoka katikati ya pete. Unaibana pete kwa mkono iume meno upande mmoja, unaibingirisha. Kwa duru moja tu penseli tatu zinagawana kazi, kila moja inachora theluthi, na mistari inakutana. Isipokutana, mkono wako ulilegea, rudia. Niliwaita vijana waangalie, wakataka kila mmoja achore lake.

Mbavu za rota zina tumbo, na katikati ya tumbo kusizidi milimita 80 kutoka kitovu cha rota, vinginevyo litasugua kiuno. Nilipaka ukuta chaki, nikazungusha, pote kwenye rota palipopata weupe nikapiga msasa. Kwenye kila ubavu chimba kishimo, maana rota ikifika kwenye mbano wa mwisho kiuno kinakaribia kukata chumba vipande viwili, na moto unahitaji pa kupita.

Sili za ncha, vile vizibo vinavyogusa ukuta ili hewa isipenye, nilikata raba ya waipa. Zikawa zinarukaruka ukutani, krrr krrr, zinaacha mistari. Nikafurahi badala ya kukasirika, kwa sababu mistari ya namna hiyo iliwatesa wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto kabla ya gari lao la Cosmo Sport kuingia sokoni mwaka 1967. Wao waliponea sili za kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Mimi niliponea nta ya mshumaa. Felix Wankel mwenyewe, aliyeibuni injini hii, alianza na mtambo mgumu zaidi: ule uliowaka kwenye kampuni ya NSU, Ujerumani, mwaka 1957 ulikuwa na hausingi inayozunguka pia, na kubadilisha plagi ilibidi uufungue.

Gharama yote haikufika laki mbili, ukiondoa soda za vijana na nauli ya Katwe iliyopotea bure. Paka ncha moja rangi nyekundu, wanafunzi wahesabu wenyewe mizunguko mitatu ya shafti. Anayetaka ya rota mbili azipishanishe nusu mzunguko kwenye shafti. Mimi plaiwudi imeniishia.