Nilivyobadilisha Ufundishaji wa Takwimu Baada ya Akili Mnemba Kuingia Darasani

Nafundisha takwimu na misingi ya sayansi ya data katika chuo kikuu kimoja jijini Dodoma. Kwa miaka mingi zoezi kuu la muhula lilikuwa la namna moja: mwanafunzi anapewa faili lenye data, anakokotoa wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika), anachora grafu, anapima uhusiano wa vigeu kwa programu ya takwimu iitwayo R, kisha anaandika kurasa chache za kufafanua matokeo. ChatGPT, zana ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika, ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, haikuchukua muda mrefu zoezi hilo likapoteza maana. Ripoti zilianza kuja zikiwa safi, zimepangika, zenye maelezo ya thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) yasiyo na dosari ya lugha, lakini mwandishi akiulizwa safu ya tatu ya jedwali lake inapima nini, anabaki kimya.

Baadhi ya wenzangu walipendekeza tupige marufuku, na wengine wakapendekeza tununue programu za kubaini maandishi ya mashine. Niliyapinga yote mawili, na hoja yangu dhidi ya programu hizo ilikuwa ya kitakwimu. Tuseme darasa lina wanafunzi 200, kati yao 160 wameandika wenyewe, na programu inamtuhumu kimakosa mtu mmoja katika kila 20 walioandika wenyewe. Hapo tayari kuna wanafunzi 8 wasio na hatia wanaoitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mwalimu anayefundisha kila mwaka hatari ya tokeo chanya la uongo hawezi kulikubali jambo hilo litendeke darasani kwake. Nilichoamua ni kutafuta ile sehemu ya kazi ya mtakwimu ambayo mashine haiwezi kuifanya kwa sababu haikuwapo, yaani pale namba inapozaliwa, kabla haijaingia kwenye jedwali, na kuihamishia huko sehemu kubwa ya alama.

Niliwagawa wanafunzi katika makundi ya watu watano watano, kila kundi likapewa bidhaa moja ya kufuatilia sokoni kwa muhula mzima, hasa katika Soko la Majengo: nyanya, vitunguu, mchicha, dagaa, mahindi, mkaa. Walitakiwa kwenda wenyewe, siku ileile ya wiki na muda uleule, kwa wachuuzi walewale, na kuingiza bei kwenye simu kwa fomu ya KoboToolbox, zana ya kukusanyia data, ambayo hufanya kazi hata pasipo na mtandao na kutuma data bando likipatikana. Sikuwazuia kutumia akili mnemba katika hatua yoyote iliyofuata. Sharti lilikuwa kwamba kila swali walilouliza mashine, na kila jibu walilopewa, liambatanishwe na ripoti.

Kundi la nyanya ndilo lililolifundisha darasa zima. Nyanya za rejareja haziuzwi kwa kilo. Zinauzwa kwa fungu, kwa sado au kwa ndoo, na mnunuzi wa kawaida hununua fungu. Wanafunzi waliandika bei ya fungu wiki baada ya wiki, na safu ya bei ikajaa namba moja: 1,000, 1,000, 1,000. Walipoipa mashine jedwali lile, ikatoa taarifa nzuri sana kwamba bei ya nyanya imetulia, hakuna mtawanyiko, na hakuna mwelekeo wa kupanda wala kushuka. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini msichana mmoja wa kundi lile, aliyezoea kutumwa sokoni tangu akiwa mdogo, akasema mbele ya wenzake: "Mwalimu, bei haijapanda, ila fungu limepungua. Tulipoanza lilikuwa na nyanya sita, sasa zipo nne, na zenyewe ni ndogo."

Niliiweka kando mada ya siku hiyo tukabaki na jambo hilo hadi kipindi kikaisha. Tuliandika ubaoni mfano rahisi: fungu la gramu 800 likiuzwa shilingi 1,000, kilo ni shilingi 1,250, likipungua hadi gramu 500 kwa bei ileile, kilo imefika shilingi 2,000. Bei iliyoonekana kutulia imepanda kwa asilimia 60. Ndiyo maana katika kukusanya bei kwa ajili ya fahirisi ya bei za walaji, yaani kipimo cha mabadiliko ya bei za bidhaa na huduma, bidhaa zinazouzwa kwa mafungu hazina budi kupimwa uzito kwanza, ili bei igeuzwe kuwa ya kipimo kimoja kinacholinganishika. Wanafunzi walikuwa wameisoma kanuni ya fahirisi katika muhula uliotangulia, na wengi walifaulu vizuri, lakini siku hiyo ndipo walipoelewa kwa nini mtu anayekusanya bei anahitaji mizani.

Wiki iliyofuata nilikwenda nao. Kiongozi wa kundi alimsalimia mama mmoja muuza nyanya, "Shikamoo mama," akamweleza kwamba wanaomba kupima mafungu yake kwa ajili ya masomo na kwamba watanunua watakayopima. Mama yule akawajibu, "Marahaba, pimeni wanangu, ila msinizibie wateja." Walipima mafungu kadhaa, wakagundua kwamba hata mezani pa mchuuzi mmoja, siku moja, mafungu ya bei moja hayalingani uzito, kwa hiyo kupima fungu moja hakutoshi. Hapo somo la makosa ya sampuli, yaani hatari ya kupima wachache wasiowakilisha wote, likajifundisha lenyewe. Wakagundua pia kwamba wiki za mwanzo haziwezi kurekebishwa: picha walizopiga kwa simu ziliwasaidia kuhesabu nyanya, lakini uzito wake hakuna aliyeujua. Mmoja akauliza kama akili mnemba ingeweza kukadiria uzito kutokana na picha. Nikamwambia ajaribu, kisha akadirie hivyohivyo mafungu ambayo tayari tumeyapima, alinganishe. Tofauti zilikuwa kubwa kiasi kwamba kundi lenyewe liliamua kuziacha wiki zile bila uzito na kueleza sababu ndani ya ripoti. Uamuzi huo niliupa alama nyingi kuliko grafu yoyote iliyokuwamo.

Data zilizokusanywa na taasisi zilihitaji njia nyingine, kwa sababu huko wanafunzi hawakuwapo pia. Nilitumia Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar, yaani kama asilimia 3. Katika sampuli ya utafiti ule Zanzibar imepewa nafasi kubwa kuliko hiyo kwa makusudi, ili viashiria vyake viweze kuaminika vikisimama peke yake. Kwa hiyo kila mhojiwa ana uzito wake wa kitakwimu, yaani namba inayorudisha uwiano halisi wa watu, ulioandikwa kama namba nzima inayopaswa kugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumiwa. Mashine ikipewa safu chache bila maelezo hayo hukokotoa wastani wa kawaida bila wasiwasi wowote. Huchukua pia namba za msimbo wa mikoa na kuzitia kwenye modeli kana kwamba mkoa namba 20 ni mara mbili ya mkoa namba 10. Nikaweka utaratibu kwamba hakuna anayegusa data ya utafiti wowote kabla ya kuandika, kwa mkono wake na kwa maneno yake, ukurasa mmoja unaoeleza nani alihojiwa, alichaguliwaje, na kila namba katika safu atakazotumia inasimamia nini.

Pamoja na hilo nikawazoesha kubashiri kwanza. Kabla ya kuuliza mashine, mwanafunzi anaandika kwenye daftari jibu analolitarajia kwa makadirio. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba wastani wa ukubwa wa kaya nchini ni watu 4.3. Basi mashine ikirudisha wastani wa zaidi ya watu 11 kwa kaya za mtaa fulani, aliyebashiri anashtuka, anarudi kwenye data, na anaikuta namba 99 ambayo mdadisi aliiweka kumaanisha kwamba jibu halikupatikana. Asiyebashiri anainakili 11 na kuanza kueleza kwa nini familia za mtaa ule ni kubwa.

Jambo lililonipa shida kubwa kuliko yote lilikuwa data za kubuni. Mwanafunzi asiyetaka kwenda sokoni anaweza kuiomba mashine majibu ya watu 100 na kuyapata kabla chai haijapoa. Niliona ni bora kulifanya jambo hilo kuwa somo la wazi. Baada ya makundi kufanya uchunguzi mfupi wa kaya, kwa kibali cha serikali ya mtaa, nililitaka kila kundi liiombe mashine ibuni majibu ya dodoso lilelile, kisha liweke majedwali mawili sambamba na kueleza tofauti. Sikuwahi kuona darasa langu likibishana kwa bidii kama wakati huo.

Tofauti ya kwanza ilikuwa umri. Watu halisi, hasa wazee, hutaja miaka inayoishia na 0 au 5: thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Wanademografia hulipima jambo hili kwa fahirisi ya Whipple, ambayo huhesabu wenye umri wa miaka 25, 30, 35 hadi 60, huzidisha idadi yao kwa 5, huigawa kwa watu wote wa miaka 23 hadi 62, kisha huzidisha kwa 100. Jibu likiwa 100 hakuna upendeleo wa tarakimu, na likiwa 500 watu wote wametaja umri unaoishia na 0 au 5. Data za mtaani zilipanda juu ya 100 kwa wazi. Zile za mashine zilitawanyika kwa ulaini usiokuwapo mtaani. Tofauti nyingine ilikuwa kwamba hakuna mtu wa mashine aliyesema "sijui", aliyekataa kutaja kipato, wala aliyeondoka katikati ya mahojiano kwa sababu uji ulikuwa unaungua jikoni. Kisha palikuwa na kaya zenye mambo yanayoonekana kugongana. Kundi moja lilikuwa na mkuu wa kaya wa miaka 34 mwenye mtoto wa miaka 22, na mwanakundi mmoja alitaka kuifuta safu ile kama kosa. Mwenzake aliyemhoji mtu yule akakataa, akaeleza kwamba kijana huyo ni mtoto wa marehemu kaka yake, na nyumbani kwao anaitwa mtoto bila kivumishi chochote. Hiyo ni taarifa ya kweli kuhusu malezi katika jamii yetu, na ingepotea kama aliyekuwapo asingepewa nafasi ya kusema.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mtu hawezi kuiagiza mashine iige hata upendeleo wa tarakimu na majibu yanayokosekana. Inawezekana, na nilimjibu hivyo. Ndiyo maana ukaguzi wangu hautegemei umbo la data peke yake: fomu inahifadhi muda wa kuanza na kumaliza kila hojaji, na wahadhiri wasaidizi hurudi kwa wahojiwa wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu kuthibitisha kwamba walihojiwa. Majina na namba za simu zinazowezesha ukaguzi huo hukaa katika faili la peke yake, na ni marufuku kwa yeyote kuyaweka kwenye zana ya akili mnemba. Niliwasomesha kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ili wajue kwamba mama aliyewafungulia mlango ana haki inayolindwa, na si hisani ya mwalimu wao tu.

Faida ya zana hizi ni kubwa na sitaki ipuuzwe. Wanafunzi wangu wengi wametoka shule za kata ambako hawakuwahi kugusa kompyuta, na ujumbe wa kosa katika R ulikuwa unawakatisha tamaa hadi wengine wakahama kozi. Sasa mwanafunzi ananakili ujumbe ule, anauliza kwa Kiswahili saa nne usiku, na anapata maelezo anayoyaelewa. Foleni ya kurekebisha mabano na koma mlangoni pa ofisi yangu imepungua, na wanaokuja sasa huja na maswali kuhusu sampuli na upendeleo. Wapo wenye uwezo wa kulipia zana bora kuliko wenzao, kwa hiyo kazi zote zenye alama nimezipanga zitoshe kufanywa kwa zana za bure katika maabara ya idara.

Alama zenyewe sasa zimegawanyika hivi: nusu inatokana na kazi ya mtaani na mtihani wa mdomo, robo ni mtihani wa karatasi na kalamu, na robo iliyobaki ni ripoti. Katika mtihani wa mdomo kila mwanafunzi anakaa nasi dakika 10 huku faili lake likiwa wazi. Tunamuuliza kwa nini seli hii haina kitu, alifanya nini wiki ambayo mchuuzi wake hakuja sokoni, na kwa nini alikubali au alikataa pendekezo fulani la mashine. Kwa darasa kubwa ni kazi nzito inayokula siku nyingi, na bila wahadhiri wasaidizi isingewezekana. Lakini dakika hizo chache hunionesha uelewa wa mtu kuliko kurasa 20 alizonipa, na nimeshaiandikia idara kuomba zitambuliwe rasmi katika ratiba ya mitihani.

Muhula ujao kundi la mahindi litakwenda soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kupima magunia, kwa kuwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku lakini bado ipo, na bei ya gunia haina maana bila kujua gunia hilo limebeba kilo ngapi. Fomu ya Kobo imeshaandaliwa, ikiwa na sehemu ya uzito tangu wiki ya kwanza, na kilichobaki ni kupata mizani inayoweza kubeba zaidi ya kilo 100.