Pakiti Mbili za Tambi na Lita Moja ya Maji

Kwa miaka minne nimefanya kazi ya kusahihisha kurasa za gazeti jijini Dar es Salaam, kazi inayoanza saa tisa alasiri na kwisha pale ukurasa wa mwisho unapokwenda mtamboni, kwa kawaida saa tano usiku, na majira ya bajeti au uchaguzi hata saa nane. Mtu anayeishi peke yake na kufika nyumbani saa sita usiku haanzi kuchambua mchele. Mimi nilichemsha pakiti mbili za tambi, nikavunjia yai, nikakatia soseji mbili, nikala nimesimama jikoni, kisha nikalala. Hicho kilikuwa chakula changu cha usiku siku nne au tano za juma. Mchana nilikula mkate wa siagi kwa chai kabla ya kutoka, na jioni, kati ya ukurasa mmoja na mwingine, nikaagiza chipsi kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Dalili ya kwanza ilikuwa pete, ambayo asubuhi ilikataa kuvuka kifundo cha kidole. Baadaye soksi zikaanza kuacha mfereji mguuni, na nilipobonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo lilibaki hapo kwa muda kama kwenye unga uliokandwa. Mizani niliyonunua Kariakoo nayo ilinichanganya: Jumatatu nilikuwa kilo 68.2, Jumatano 69.6, ilhali hakuna mtu anenepaye karibu kilo moja na nusu kwa siku mbili kwa kula tambi.

Nilianza kwa makosa mawili, na nayaeleza kwa sababu nimeona wenzangu wengi wakiyafanya. Kosa la kwanza lilikuwa kupunguza maji ya kunywa, kwa hoja iliyoonekana timamu kwamba mwili uliojaa maji usiongezwe mengine. Nilishinda na kiu, mkojo ukawa wa rangi ya chai, na miguu haikupungua hata kidogo. Kosa la pili lilikuwa kununua vidonge vya kukojoza kwenye duka la dawa bila kuandikiwa na daktari. Vilifanya kazi vizuri mno: kwa siku mbili nilishuka karibu kilo mbili, nikasikia kizunguzungu kila nilipoinuka kitini, na nilipoviacha uvimbe ulirudi ukiwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Ndipo nilipokwenda zahanati. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alinipima shinikizo la damu, akalikuta 138 kwa 88, akaagiza vipimo vya mkojo na damu ili aone hali ya figo, akasikiliza moyo na mapafu. Aliniuliza kama navimba mguu mmoja tu, kama nakosa pumzi nikilala chali, kama uso huvimba asubuhi, na kama mkojo hutoa povu. Nilijibu hapana kwa yote, na majibu ya maabara yalikuwa mazuri. Hapo akaniuliza ninakula nini, nami nikamweleza kama nilivyoeleza hapa.

“Mwanangu, maji hayajakukosea kitu,” alisema. “Umewahi kuona dripu ya maji ya chumvi? Lita moja ina gramu tisa za chumvi, kwa sababu ndicho kiasi kinachokaribiana na damu yako.”

Maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha kila kitu, kwa hiyo nitayarudia kwa utulivu. Mwili haukubali damu iwe na chumvi kali kupita kipimo chake. Chumvi ikizidi, kiu huja, na figo hushikilia maji ili kuizimua, mpaka ziada yenyewe itolewe kwenye mkojo. Figo nzima huitoa, lakini haimalizi kazi hiyo kwa usiku mmoja. Huchukua siku kadhaa kufikia mizania mpya. Gramu tisa za chumvi zilizobaki mwilini zinabaki na lita moja ya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Mtu anayekula vilevile kila usiku hajipi hizo siku kadhaa. Kunyima mwili maji hakusaidii, maana kilicho mlangoni ni chumvi, na maji yamekuja kama mgeni aliyeongozana naye.

Nilipofika nyumbani nilitoa pakiti ya tambi, nikasoma nyuma yake kwa jicho la kazi yangu. Iliandikwa kuwa gramu 100 zina miligramu 1,800 za sodiamu, ambayo ni sehemu mojawapo ya chumvi. Pakiti ina gramu 75, kwa hiyo sodiamu yake ni miligramu 1,350, na mbili ni 2,700. Ili kupata chumvi kutokana na sodiamu huzidishwa kwa mbili na nusu, na jibu langu likawa gramu 6.75. Soseji mbili zilikuwa na sodiamu miligramu 800, yaani gramu mbili nyingine za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu tano za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na mimi nilikuwa nakaribia tisa saa sita ya usiku, kabla sijahesabu mkate wala chipsi. Dripu yangu nilikuwa naila.

Hapa niseme neno kuhusu lebo, kwa kuwa madukani kwetu bidhaa hutoka nchi nyingi na kila moja huhesabu kwa namna yake. Baadhi huandika sodiamu kwa miligramu, na nyingine, hasa za Ulaya, huandika chumvi kwa gramu. Sodiamu miligramu 1,000 na chumvi gramu 2.5 ni kitu kilekile, ingawa kwa macho ya harakaharaka ya pili inaonekana ndogo. Nyingine hutaja kiasi cha “mlo mmoja”, na ukichunguza unakuta mlo huo ni nusu ya pakiti, kana kwamba kuna mtu afungaye nusu ya pili na kuiweka kabatini.

Sikuacha tambi, na wala sikujidanganya kwamba nitaziacha. Nilichogundua ni kwamba sehemu kubwa ya chumvi imo kwenye kile kifuko kidogo cha kiungo. Nilianza kutia nusu ya kifuko kimoja kwa pakiti moja, badala ya vifuko viwili kwa pakiti mbili, na nafasi ya pakiti ya pili ikachukuliwa na konzi mbili za mchicha na yai la pili. Tambi zenyewe nazo zina chumvi ndani ya unga wake, kwa hiyo nazichemsha kwa maji mengi, nayamwaga, kisha nazikaanga kidogo kwa kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, na kukamulia ndimu mwishoni. Muda wote ni dakika kumi na mbili, nimeupima. Soseji zikabaki za Jumamosi. Maharage ya kopo nayamwagia kwenye chujio na kuyasuuza, kwa kuwa maji yake ndiyo yenye chumvi nyingi.

Wiki tatu za kwanza chakula kilikuwa na ladha ya karatasi za ofisini. Wiki ya nne ulimi ulilegea, na mwezi wa pili nilipojaribu kutia kifuko kizima nilihisi nimemeza maji ya Coco Beach. Mizani, ambayo naipanda kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, ilitulia kati ya 68.1 na 68.7.

Chipsi zilikuwa na ugumu wa aina yake, kwa sababu kiazi hakina kosa. Chumvi hunyunyiziwa zinapotoka kwenye mafuta, kisha huja tomato sosi, kisha kachumbari iliyotiwa chumvi tayari.

“Kaka, zangu usitie chumvi, nitatia mwenyewe.”

“Dada, chipsi bila chumvi ni viazi vya mgonjwa.”

Ilichukua wiki mbili kukubaliana. Sasa akiniona ananiwekea ndimu na kachumbari isiyotiwa chumvi, na wateja wengine huuliza ni chipsi za nani hizo.

Palikuwa pia na sodiamu isiyo na ladha ya chumvi. Usiku wa kichwa kuuma nilizoea vidonge vya maumivu vinavyotoa povu kwenye maji, na kidonge kimoja cha aina hiyo kinaweza kubeba sodiamu ya miligramu 400 hivi. Nikahamia vya kumeza.

Si kila uvimbe ni wa chumvi. Siku chache kabla ya hedhi mizani hupanda hata nikila vizuri, joto la Februari huvimbisha miguu, na kukaa kitini saa nane huteremsha maji kwenye vifundo, kwa hiyo chini ya meza yangu pana boksi la magazeti ya zamani la kuinulia miguu. Nilitaka pia kununua chumvi yenye sodiamu kidogo, lakini daktari alinieleza kuwa nyingi huwekwa potasiamu badala yake, na ingawa kwangu haina neno, kwa mwenye maradhi ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha inaweza kuwa hatari. Kwa kuwa mama yangu hutumia dawa hizo na hula kwangu kila mwisho wa mwezi, sikuileta nyumbani.

Mkate ndio ulionishinda. Vipande vinne hufikisha kirahisi gramu moja na nusu ya chumvi, nao hauonjeki kuwa na chumvi hata kidogo. Mkate wa mtaani kwetu hutoka tanurini umefungwa kwenye mfuko usio na lebo yoyote, na saa nne asubuhi, ukiwa bado na moto, bado sijapata hesabu ya kuukataa.