Nguo zilizovunda

Jana Baraka karudi kutoka bweni, begi kalitupa sebuleni na mwenyewe kaishia jikoni kufunua masufuria, mnamjua. Nafungua begi nianze kufua, nakuta mfuko wa nailoni (hivi si zilipigwa marufuku toka Juni 2019, huwa anazitoa wapi?) umepigwa fundo, ndani jezi na soksi za mpira mbichi kabisa, sijui zina siku ngapi humo. Nikafungua fundo. Ule uvundo uliponipiga puani nikajikuta nimekaa chini sakafuni, mtoto akadhani presha, "mama vipi?", nikamwambia hamna kitu, kaanike.

Hiyo harufu naijua. 2012, stoo ya vielelezo, kituo cha polisi nilichokuwa nafanya kazi, sikitaji, rambo jeusi nililolifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Ndani yake gauni na kanga ya dada mmoja aliyekuja kuripoti kubakwa, usiku wa mvua, nguo zimelowa. Nikapiga fundo mbili, nikaandika namba ya jalada juu kwa makapeni, nikajiona mpelelezi kwelikweli. Siku zinatakiwa kupelekwa kwa Mkemia Mkuu zimeota ukungu mpaka gauni limebadilika rangi. Kesi iliishia wapi mtajaza wenyewe.

Mwaka uliofuata tukapelekwa Morogoro semina siku tano, na nisiwadanganye, mimi nilifuata posho. Tulikuwa mchanganyiko, sisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, wapelelezi, mawakili wa serikali, manesi, na daktari mmoja aliyesinzia toka ufunguzi. Tukafundishwa saa 72 za dawa ya kuzuia VVU, saa 120 za kuzuia mimba, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, isigeuzwe geti la kumzuia mtu asitibiwe, Sospa, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inasemaje, wakili mmoja akatukumbusha kwamba Mahakama ya Rufani ilishasema ushahidi bora wa ubakaji unatoka kwa aliyefanyiwa mwenyewe. Sawa, tukaandika. Lakini mimi nakumbuka siku ya pili baada ya chai, hadi rangi ya mapazia.

Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini mpaka uache kutafuna karanga ndo umsikie. Akasema kila mtu amgeukie jirani yake. Wangu mimi alikuwa inspekta mmoja mtu mzima, anakaribia kustaafu, sharubu zimepigwa kanta. "Mmegeukiana? Haya. Mweleze mwenzio mara ya mwisho ulipokuwa chumbani na mkeo au mumeo. Anza mwanzo, usiruke kitu, nani alimshika nani, wapi, nguo gani ilitangulia kuvuliwa. Mwenzio anaandika maelezo. Dakika tano."

Kimya. Feni tu inalia. Kuna mtu nyuma akacheka, hakupata wa kumuunga mkono. Mimi peni mkononi, naangalia vifungo vya shati la afande maana usoni kwake hapakuwa pa kuangalia. Akatoa leso akajifuta shingo, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa kama kiberiti, halafu akaniinamia, "WP," ndivyo tunavyoitwa askari wa kike, "andika sikumbuki." Nikaandika SIKUMBUKI kwa herufi kubwa na karatasi nzima haikuwa na neno lingine.

Kumbe yule mama yuko nyuma yetu. Hakufoka. "Samahani afande, mlalamikaji akikwambia sikumbuki, wewe huwa unaandika nini?" Afande akachelewa kujibu, halafu akajibu kama anayesoma kitu, "Maelezo yanajichanganya. Jalada lifungwe."

Mama akarudi mbele, akasema huyu ni mkewe wa ndoa na hakuna aliyemshikia kisu, sasa mweke mlalamikaji kaunta, pembeni kuna watu wamekuja kuripoti simu. Akaeleza mtu mwenye hofu anaweza kushika rangi ya viatu au harufu ya pombe akapoteza kipi kilianza, kwa hiyo usimuulize kwa nini hukupiga kelele, mwache aongee kwa mpangilio wake, muulize ulisikia nini, ulinusa nini.

Siku ya nne ndo ikaja ya vielelezo. Nguo ikauke kivulini kwanza, kila moja na bahasha yake ya kaki, karatasi inapumua, nailoni inavundisha. Nilitaka kunyoosha mkono niseme mimi nilishafanya hivyo. Sikunyoosha. Aliyenyoosha ni afande wa sharubu, akauliza bahasha zitatoka wapi wakati kituoni kwake hata karatasi ya maelezo mlalamikaji anaambiwa akanunue dukani, watu wakacheka, tukaenda kula.

Niliporudi nilinunua bahasha dazeni kwa hela yangu, hiyo posho si ndo hiyo. Miezi kama mitatu hivi baadaye nikakutana na yule dada sokoni, ana meza ya nyanya. Kanichangamkia kabisa, "shikamoo afande", kanipimia sado na kuniongezea mbili juu, akanifungia kwenye rambo. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, namwambia kwamba nguo zako niliziharibu mimi, hukushindwa wewe. Nikaulizia bei ya vitunguu.