Injini niliyoifungia boti ya baba, Mtera

Boti ya baba ni ya mbao za mninga, urefu wa mita 7, na iko Bwawa la Mtera tangu nikiwa darasa la tatu. Mwaka jana injini yake ya nguvu farasi 25 ilikufa. Fundi aliifungua, akanionesha silinda iliyochimbika. Wadogo zangu walitaka tuuze tununue ya faiba. Nilikataa. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti nzima, ni mzima, na mbao zile baba alizichagua mwenyewe, moja moja.

Nilianza vibaya: niliona ya 40 dukani Dodoma mjini, nikaitamani. Aliyenizuia ni mzee mmoja mvuvi. Baada ya "Mbukwa" na habari za nyumbani, akaniuliza boti ina tumbo gani. La mviringo, nikamjibu. "Basi hiyo inapasua maji, mwanangu, hairuki juu yake." Boti ya namna hiyo, kwa mita 7, mwendo wake huishia kama kilomita 12 kwa saa. Ukizidisha nguvu unanyanyua pua, unazamisha tezi, yaani nyuma ya boti, na kuchoma petroli bure. Bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu kama asilimia 7, lakini hata hivyo 15 zinatosha.

Nikalipia advansi ya injini ya 15 iliyotumika. Nashukuru nilipima kabla ya kumalizia. Injini hizi huja na mguu, ile sehemu inayoshuka majini, mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20. Ubao wa tezi, pale injini inapofungwa, kutoka juu hadi chini kabisa ya boti, ulikuwa na sentimita 51, yaani inchi 20. Niliyoilipia ilikuwa ya mguu mfupi! Ile sahani iliyo juu ya propela inatakiwa iwe sawa na chini ya boti au ishuke kidogo. Yangu ingeishia juu yake kwa zaidi ya sentimita 10: propela ingevuta hewa, na injini ingekosa maji ya kupoozea. Seremala akashauri tupunguze ubao. Hapana. Upepo wa mchana ukiamka Mtera, mawimbi yangeingilia hapo. Muuzaji hakurudisha advansi, na iliniuma.

Mwishowe nilichukua Yamaha Enduro ya 15, mguu mrefu, ya kuchanganya oili na petroli. Ile isiyochanganya inakula mafuta kidogo na haichafui maji sana, nami ningeipenda, ila ni nzito zaidi, na mafundi wa kwetu wanaijua hii kwa kugusa tu. Nikanunua na propela ya akiba, kwa sababu kiangazi maji yakishuka visiki viko karibu.

Siku ya kwanza maji ya kupoozea yalichuruzika vizuri pembeni. Simu ilisoma kilomita 11 kwa saa. Mama alikaa mbele, mahali pa baba, akasema twende mpaka ng'ambo.