Jiki na bakuli la okasan

Leo nimeamka nyumba nzima inanuka jiki. Mama yuko kwangu wiki hii, kaloweka vikombe vyangu vyote vyenye kutu ya chai kwenye beseni, nikatoka mbio bila hata kandambili kuangalia kama na kile ninachokificha kimo. Hakimo. Ila harufu ilikuwa ishanipeleka Hagi, kule Japani.

Okasan ndiye yule mama wa Kijapani niliyekuwa nakaa kwake, neno lenyewe ni mama. Wiki ya pili kwake, katoka kwenda sokoni, mwenzenu nikaona nioshe vyombo, maana mgeni siku ya tatu mpe jembe na mimi nilishapitiliza. Kwenye sinki kuna bakuli lake la macha, ile chai ya kijani ya unga, ndani mistari ya kahawia kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Nikasugua, wapi. Nikachukua ile chupa yenye harufu ya jiki nikamimina, nusu saa nzima.

Kumbe udongo wa Hagi hauchomwi mpaka ukakaza kabisa, unabaki na vitundu, na ule mng'ao wa juu una nyufa ndogondogo, sasa chai inapenya mle mwaka baada ya mwaka na bakuli linageuka rangi. Wenyewe wanaita nanabake, mageuzi saba. Lingekuwa kaure nyeupe la Arita hata lisingejali. Ila hili ni la Hagi, na watu wa chai kule wana msemo wa kupanga vyombo vyao, kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu, na ufundi wenyewe ni wa wafinyanzi wa Korea waliochukuliwa kwenye vita vya Hideyoshi, mtawala wa Japani aliyeivamia Korea, wakawa wanaufinyangia ukoo wa Mori, watawala wa Hagi, tangu 1604 hivi. Hayo yote nimeyajua baadaye, bila shaka.

Aliporudi alilishika kwa mikono miwili. Akaligeuza polepole, akalileta puani. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kile kitako chenye pengo, tone, tone, yanaingia kwenye mkono wa sweta lake na wala hajifuti. Mistari ilikuwa imepauka, yaani bakuli limekaa kama mtu aliyenyolewa nyusi. Nikaanza kuinama na kuomba samahani kwa Kijapani changu cha kuungaunga. Akasema daijobu. Mara tatu.

Akaliloweka kwenye maji safi, anayabadilisha asubuhi na jioni mpaka naondoka. Chai nikawa naletewa kwenye kikombe cha supamaketi chenye picha ya paka.

Sasa daijobu ni haina shida, ni usijali, ni basi inatosha, ukiitaka hata ni niache. Miaka sita na sijui ilikuwa ipi. Na siku ya kuaga kanipa yunomi, kikombe cha chai, mpya ya Hagi, kaifunga kwa gazeti, na hiyo nayo sijui niisomeje.

Imeshaanza mistari. Mama kaiona juu ya kabati, "We mwanangu, hiki kichafu kuliko vyote mbona unakificha?"

Hakina shida mama, nikasema, nimekishika kwa mikono miwili. Kaniangaliaaa, karudi kwenye beseni lake.