Triatloni ya Kigamboni na kisigino kibovu

Tatizo lilikuwa mguu wa kushoto, ile kano ngumu ya nyuma inayotoka kwenye shavu la mguu inashuka mpaka kisiginoni. Asubuhi nikishuka kitandani natembea kama bibi wa miaka tisini, nikifika jikoni inalegea, mchana siisikii kabisa, halafu jioni nikikimbia kilomita mbili tatu inarudi na hasira zake. Ndo tabia yake hiyo kano, inadanganya sana, ukishapasha mwili moto unajiona umepona kabisa, kesho yake asubuhi ndo unajua jana ulifanya nini.

Na mi nlikuwa nshalipia triatloni. Ilikuwa ndogo tu, kikundi cha watu wanaofanyaga mazoezi pamoja wameiandaa upande wa Kigamboni, kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Hiyo ndo inaitwa sprinti, nusu ya ile ya Olimpiki ambayo imeingia kwenye michezo tangu Sydney 2000. Kwa mtu wa Sinza aliyejifunza kuogelea ukubwani pale ufukwe wa Coco, mita 750 za baharini sio jambo dogo, kwahiyo nlikuwa nimejifua miezi na sikuwa tayari kuacha eti kwa sababu ya kisigino.

Ushauri nikapewa wa kila aina. Kazini kaka mmoja akaniambia nikachome sindano, ye alichoma goti akapona siku mbili. Mama akatuma mafuta ya kuchua kwa basi kutoka Tanga, na ujumbe juu yake: "Mguu unauma halafu unaenda kukimbia, mwanangu nani amekuroga?" Nikaishia kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mdogo tu ila anajua kazi yake, na cha kwanza alichokataa ni hiyo sindano, akasema dawa za aina hiyo zikichomwa karibu na kano ya kisigino zinaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika, na ikikatika utasahau triatloni na utasahau hata kukimbilia daladala.

Nikamuuliza, "Sasa dokta nipumzike tu?" Akasema hapana, hapo ndo watu wengi wanapoharibu. Kano haiponi kwa kulala, ukiipumzisha kabisa inazidi kuwa dhaifu, siku ukirudi kukimbia inauma vilevile. Inataka mzigo, ila mzigo wa kupimwa. Akanipeleka kwenye ngazi ya pale kliniki, nikasimama kwenye ukingo kwa vidole, visigino vinaning'inia, napanda na miguu yote miwili halafu nashuka polepole na ule mbovu peke yake mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara kumi na tano, seti tatu, goti limenyooka. Halafu tena seti tatu goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Piga hesabu mwenyewe, ni mara 180 kwa siku, na programu nzima ni wiki 12. Akaniambia ilitangazwa mwaka 1998 na daktari mmoja wa Sweden, Alfredson, na aliwajaribia wakimbiaji waliokuwa wanasubiri upasuaji.

Basi nikawa kituko pale nyumbani. Tunakaa ghorofa ya kwanza, ngazi ni za wapangaji wote, kila anayepita ananikuta nimesimama ngazi ya tatu napanda nashuka siendi popote. Watoto wa chini wakanitungia na wimbo. Mama mwenye nyumba akaniuliza siku moja, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivi unapanda au unashuka?" nikamjibu vyote mama, akaenda zake anatikisa kichwa.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote lakini ni kanuni ya namba. Fizio alisema maumivu yapime kutoka sifuri mpaka kumi. Mpaka tano ukiwa kwenye mazoezi ruksa, endelea. Ikipita tano, punguza. Na muhimu zaidi, kesho yake asubuhi lazima iwe imerudi pale ilipokuwaga, ikiamka juu zaidi ya hapo maana yake jana ulizidisha. Hiyo iliniondolea woga mwingi sana, maana kabla yake kila nikisikia kitu kinachoma nlikuwa nasimama nashika mguu natoa macho, sa hivi nikawa najiuliza tu, hii ni ngapi? Tatu. Twende.

Tukakubaliana hivi kuhusu siku yenyewe: kwenye maji mguu upumzike, kwenye baiskeli gia nyepesi, kwenye mbio nikimbie dakika nne nitembee moja, nne moja, nne moja, mpaka mwisho, hata kama najisikia vizuri. Hapo kwenye "hata kama najisikia vizuri" alinitazama usoni kabisa akanirudisha nirudie.

Ilikuwa mwezi wa sita, kusi inavuma, asubuhi kuna kaubaridi kale ka Dar ambako watu wanavaa makoti mi nacheka. Waandaaji walichagua tarehe kwa kuangalia maji, maana siku za bamvua bahari yetu inakupwa asubuhi saa nne hivi mpaka unatembea kwa miguu kule ambako ungetakiwa kuogelea. Siku hiyo saa moja maji yalikuwa yamejaa vizuri, maboya matatu ya rangi ya chungwa yanachezacheza, na wavuvi wawili na ngalawa yao wamekodiwa kuangalia watakaochoka. Tukaandikwa namba mkononi kwa maka peni. Mi nlikuwa natetemeka, sijui baridi sijui nini.

Kuogelea kulienda vizuri kuliko nilivyotegemea, na nadhani kisigino kilichangia. Nlikuwa nimeambiwa nisipige miguu sana, niache inielee nyuma, kazi ifanywe na mikono na mabega, na kumbe mi kawaida napigaga miguu kwa fujo mpaka pumzi inakata kabla ya boya la pili. Safari hii nimetulia, navuta maji, kila mikono mitatu napumua, chumvi imejaa mdomoni, mtu mmoja akanipiga teke la bega akapita, sawa, pita. Nikalizunguka boya la mwisho bado nina pumzi.

Kutoka majini ndo penyewe. Kila mtu anatoka mbio, na mchanga wa pale juu ni ule laini unaozama, na mchanga laini ndo adui wa hiyo kano, maana kisigino kinazama chini kuliko vidole, inavutika mpaka mwisho. Nikatembea. Watu wanapiga makofi kwenye ufukwe, wengine wanapiga kelele "kimbia dada, kimbia!" na mi natembea zangu kama niko sokoni naulizia nyanya. Kwenye tranzishoni, pale unapotoka kwenye kuogelea unachukua baiskeli, nikafunga helmeti kwanza, hiyo ni sheria, ukigusa baiskeli helmeti haijafungwa unapewa adhabu, nikakaa chini kabisa kuvaa viatu. Ndani ya viatu fizio alikuwa ameniwekea vipande vya kuinua kisigino kidogo, vyote viwili, kushoto na kulia, ili kano isivutike sana.

Baiskeli yangu ni ya mtumba ya Kariakoo, gia zinaingia zikitaka. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi, tunaelekea upande wa Gezaulole halafu tunageuza, kwahiyo kwenda upepo wa kusi uko usoni na kurudi uko mgongoni. Wenye baiskeli za maana walinipita kwa mlio tu, vuuu, huwaoni tena. Mi nimeshika gia nyepesi nazungusha miguu haraka haraka, pedeli naikanyagia katikati ya unyayo badala ya vidole, mtindo mbaya ukiuangalia lakini shavu la mguu linafanya kazi ndogo. Namba ilikuwa moja, labda mbili kwenye kale kamlima. Mbuzi walikatisha barabara mara moja, bajaji moja ikaamua kunisindikiza, dereva ananiuliza, "Dada mnashindania nini?" Nikamwambia medali. Akauliza ya dhahabu? Nikamwambia ya bati. Akaongeza mwendo akaniacha.

Kurudi na upepo mgongoni raha tupu, sitasema mengi.

Sasa mbio. Ukishuka kwenye baiskeli miguu sio yako, hiyo kila mtu anapata, mzima na mgonjwa, kwahiyo nusu kilomita ya kwanza sikuweza hata kujua kisigino kinasemaje. Nakimbia hatua fupi fupi. Saa ikalia, dakika nne. Na nlikuwa najisikia vizuri jamani! Namba mbili! Mbele yangu kama mita hamsini kuna dada mwenye fulana ya njano ambaye tulitoka naye majini, namuona kabisa anachoka, na mwili wangu wote unasema mkamate. Nikatembea. Sijawahi kuichukia saa yangu kama dakika ile, na yule dada wa njano akaenda akapotea kwenye minazi.

Kwenye mzunguko wa tatu wa kutembea akanifikia mzee mmoja, nywele nyeupe, anakimbia amepinda upande.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

"Kisigino."

"Mimi goti," akasema, kama tunatambulishana kazini. Akatembea na mimi ile dakika yangu, akaniambia ye hatembei kwa saa, anatembea goti likimwambia, na anaona nimemzidi akili. Saa ikalia tukaanza kukimbia wote, dakika nne zikaisha, ye akaendelea. Akaniinulia mkono bila kugeuka.

Kilomita ya mwisho ndo namba zikapanda. Nne. Tano. Nikafupisha hatua tena. Halafu nikaguswa na kitu kama cha kuchoma upande wa ndani wa kano, nikajiuliza kwa ukweli kabisa, hii ni ngapi, na jibu likaja sita. Zilikuwa zimebaki kama mita mia sita, finishi naisikia, spika inapiga singeli. Nikatembea zote. Bodaboda wako kivulini wanapiga kelele, "Dada kaza, pale tu, pale!" Mmoja akajitolea kunibeba. Nikapita mstari wa finishi natembea, mikono kiunoni, saa moja na dakika arobaini na kitu, na nyuma yangu walikuwepo watu, sio wengi, ila walikuwepo. Yule mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki na dafu, akanisogezea jingine.

Watu walivyokuwa wanakula supu na chapati wanahadithiana muda, mi akili yote ilikuwa kesho yake. Sikujua kama nimefanikiwa au nimeharibu, na hakuna namna ya kujua mpaka uamke. Usiku nikaota nashuka ngazi zisizoisha.

Jumatatu asubuhi nikashusha mguu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Hatua ya kwanza, tatu. Mpaka mlangoni, mbili. Siku zote ilikuwaga tatu. Nikamtumia fizio ujumbe hata sijanawa uso: "Dokta, tatu halafu mbili." Akajibu, "Safi. Leo ngazi kama kawaida, seti zote."

Nikaona hapo hapo nimuombe kabisa, maana kwenye supu walikuwa wameshaanza kuongelea ile ndefu, mita 1500, baiskeli 40, mbio 10. Nikaandika. Alama mbili za buluu zikaonekana, kimya kama robo saa, mi nshachemsha chai. Ndo akajibu: "Baiskeli na maji sina neno. Hiyo kumi tutaongea mwezi wa tisa, na uje na hivyo viatu nivione."